Maharage ya Msiba Niliyoyamwaga

Ndiyo, ni mimi. Mwanamke aliyepindua sufuria ya maharage msibani, mbele ya wafiwa, mbele ya katekista, wazee wa ukoo wamekaa kwenye mabenchi wakisubiri chakula, ni mimi. Miaka imepita, wakimbizi walishaondoka, miti imeota tena, lakini nikipita sokoni Kirushya bado kuna mtu atamnong'oneza mwenzake, "Ndiye huyo." Basi na wanong'one. Kama kesho yangewekwa mbele yangu maharage yale yale, na yule mama akiwa ameshika sahani, ningeyamwaga tena. Ila mara hii ningevaa viatu kwanza.

Wajukuu zangu huniuliza, "Bibi, ilikuwaje mkapikia maharage vidonge vya kichwa?" Halafu wanacheka. Chekeni tu, nyie mliozaliwa kuni zimerudi.

Watu walivuka mpaka wengi, wamechoka, mikeka kichwani na watoto mgongoni, na walipokaa walipika. Binadamu anapika, simlaumu mtu kwa hilo. Lakini watu wengi namna ile wakipika kila siku, msitu hauna ujanja. Miti ikaisha, tukabaki na vichaka. Vichaka vikaisha, tukabaki na visiki. Halafu tukawaona watu wanachimba visiki. Ukuni ukawa kitu cha kuficha chini ya kitanda. Namjua mwanamke aliyepikia mlango wa choo chake, akaweka gunia.

Na maharage nayo yakabadilika. Ya kwetu mapya yalikuwa yanagombewa na watu wa magari ya misaada, tukayauza, sisi tukabaki kubadilishana ndizi na maharage yaliyotoka kambini. Loo, maharage yale! Yalikuwa yamekaa ghalani mpaka yamesahau kwamba ni chakula. Unayabandika asubuhi, jua la mchana linayakuta bado yanagonga sufuria, ko, ko, ko. Magadi tulikuwa tunayajua tangu enzi za bibi zetu, lakini maharage yale yaliyacheka magadi.

Hapo ndipo kidonge kilipoingia jikoni. Kidonge kile kile cheupe cha maumivu, paracetamol, kilichokuwa kinauzwa sokoni juu ya gunia, kando ya chumvi na viberiti. Mtu akatia kwenye maharage, akasema yameiva upesi. Mwingine akajaribu. Kufumba na kufumbua kila jiko lina vidonge vyake. Wako wanaosema wakimbizi ndio waliotufundisha. Uongo mtupu! Wa kwanza niliyemwona kwa macho yangu alikuwa mwanakwaya mwenzangu, mzaliwa wa hapa hapa, mtoto wa ubatizo. Kama yaliiva kwa kidonge au kwa imani, mpaka leo sijui.

Mimi nilikataa. Si kwamba nilikuwa najua kitu. Nilikataa kwa sababu mama yangu mzazi alinifundisha kwamba dawa ni ya mgonjwa, na mimi sikuwa mgonjwa, nilikuwa na njaa. Nikawa natembea mbali kutafuta vijiti, narudi mgongo umepinda, wenzangu wameshakula na kuosha vyombo. "Mke wa maharage mabichi," walikuwa wananiita. Nikawajibu kwamba bora mabichi yangu kuliko yao yenye homa.

Sasa nimseme mama mkwe wangu, maana bila yeye hakuna hadithi hapa. Tulikuwa tunakaa ua mmoja, mimi nyumba yangu, yeye yake, kila mmoja na jiko lake. Mwanawe, mume wangu, alikuwa amepata kibarua cha ulinzi kambini, na alikuwa anakuja nyumbani mara moja moja. Kwa hiyo uani tulikuwa sisi wanawake na watoto.

Alikuwa mpika rubisi, pombe yetu ya ndizi. Kwetu kukanyaga ndizi kwenye mtumbwi ni kazi ya wanaume. Mtumbwi wenyewe ni gogo zima lililochongwa ndani, mtu anaingia na miguu yake na majani, anakanyaga mpaka togwa, maji matamu ya ndizi, litoke. Baba mkwe alipofariki, wanaume walikuja kuuliza mtumbwi unauzwa lini. Mama mkwe akapandisha kanga magotini, akaingia ndani ya mtumbwi wanamwangalia, akaanza kukanyaga. Hakuna aliyeuliza tena. Mtumbwi ule ndio uliosomesha watoto wake.

Na huyu ndiye mwanamke aliyenitetea. Nilipoharibikiwa mimba ya kwanza, na ya pili, wakubwa wa ukoo walikaa wakasema nirudishwe kwetu. Yeye akasimama mlangoni pangu, mikono kiunoni. "Atakayemtoa aanze kwa kunitoa mimi." Waliondoka. Mtoto wa tatu alikaa tumboni, na wengine wakafuata. Kwa hiyo mtu asinieleze habari za heshima kwa mama mkwe. Heshima yake naijua mimi.

Kukanyaga ndizi kulimla magoti. Alikuwa anameza vidonge viwili asubuhi kabla ya chai, viwili jioni baada ya kuonja pombe, na mpika pombe anaonja kweli kweli, haonji kwa ulimi. Hapo katikati anakula maharage yake aliyoyapika kwa kidonge. Mimi nikimwambia, ananijibu, "Kama kinatuliza goti langu, kitashindwaje kutuliza maharage?" Tukacheka. Nami nilicheka, kwa nini nisicheke?

Halafu akaanza kukataa chakula. Akatapika siku moja, kesho yake akasema amepona, akarudi kwenye mtumbwi. Siku zilizofuata akashika ubavu wa kulia chini ya mbavu, akawa anasinzia amekaa. Asubuhi moja nikampelekea uji, nikapiga goti. "Shikamoo mama." "Marahaba," akainua uso. Macho yake yalikuwa ya njano, njano ya ganda la ndizi iliyoiva.

Jirani mmoja akasema amerogwa na wanaotaka mtumbwi. Mwingine akaleta mizizi. Nikasema hapana, anakwenda hospitali leo hii, na kama kuna mchawi atatufuata huko huko. Nikatafuta wanaume wanne wa machela, tukaondoka.

Wodini kulikuwa na mwuguzi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuamrisha. Akamfunua macho, akambonyeza ubavu, akanigeukia.

"Nyumbani anakunywa dawa gani?"

"Vidonge vya kichwa tu."

"Vya kichwa tu! Kila anayeletwa hapa alikuwa anakunywa vya kichwa tu. Na pombe?"

"Ni mpika pombe."

Akatikisa kichwa. "Kuna kingine?"

"Labda vile vya kwenye maharage."

"Kwenye maharage kuna nini?"

Nikamweleza. Aliacha kufunga mpira wa dripu, akaniangalia kama mtu aliyesikia nyoka kaingia kanisani. "Anatia vingapi?"

"Kiganja."

"Kiganja cha nani?"

"Chake mwenyewe."

"Mungu wangu! Na mnakula hivyo kila siku?"

"Mimi sili. Lakini dada, si vinachemka? Dawa si inakufa kwa moto?"

"Nani kakwambia? Moto unaua wadudu. Dawa si mdudu."

Akaketi ukingoni mwa kitanda, akanieleza polepole, na maneno yake nimeyabeba mpaka leo. Alisema dawa hii ni nzuri na yeye mwenyewe huitumia. Inashusha homa, inatuliza kichwa, jino, tumbo la mwezi, magoti. Lakini haiponyi goti, inalinyamazisha tu, goti bovu linabaki bovu. Mtu mzima mwenye afya anameza viwili, anakaa saa sita ndipo arudie, vyote vya siku visizidi vinane, na si kila siku ya Mungu mwaka mzima. Ukikaa humo, ini linaishughulikia na kuitoa. Ukipita hapo, ini linaelemewa, na mabaki ya dawa yanaanza kulila ini lenyewe. Na ubaya wake haipigi kelele. Unatapika kidogo, unajiona umepona, kumbe ndani panaharibika, ukija kushtuka macho yamebadilika. Mwenye ini lililochoshwa na pombe, yake ni kidogo zaidi.

"Viwili vyake vya asubuhi na viwili vya jioni pengine angevibeba," alisema. "Lakini ukimeza hapa, ukala pale, hujui tena umekula kiasi gani. Kwenye hayo maharage kinabaki kiasi gani hata mimi siwezi kukwambia. Na kitu usichojua kiasi chake usikiite dawa."

Mama mkwe akafungua jicho moja. "Nimekanyaga ndizi maisha yangu yote," alisema kwa sauti nyembamba. "Kadonge kama ukucha wa mtoto ndiko kataniua? Thubutu!"

"Bibi, nyamaza upone," mwuguzi akamwambia. Tuliporuhusiwa kuondoka, akanishika mkono mlangoni. "Ini lina huruma, ukilipumzisha linajijenga. Asiguse kidonge hiki, wala pombe, hata kwenye chakula, mpaka nimwone tena. Akirudia, usinisumbue mimi. Mpeleke moja kwa moja kwa padri."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo yamenikaa kifuani. Kitu cha kwanza nilichukua kopo lake la vidonge nikalitupa chooni. Alipogundua, hakusema nami mpaka jua lilipozama. Nikahamishia chakula chake kwenye chungu changu. Mtumbwi nikauegemeza ukutani, kinywa chini, ukakauka mpaka ukapasuka nyufa. Kila asubuhi anatoka anaupapasa, anarudi kukaa. Magoti yalikuwa yanamuuma kweli, sikufichi. Nilikuwa namkanda kwa maji ya moto, ananitukana kwa lugha yetu, Kihangaza, matusi ambayo siwezi kuyaandika. Na kila asubuhi nilimvuta kope la chini nitazame rangi. Kwetu mkwe hamshiki mkwe usoni. Nilimshika. Njano ikawa inapungua taratibu, lakini ilikuwa bado ipo, na usiku nilikuwa namsikiliza anavyopumua.

Ndipo mzee wa ng'ambo ya bonde akafariki.

Kwetu mtu akifiwa, kila mwanamke wa mtaa anakwenda na ukuni wake kichwani. Huendi mikono mitupu. Zamani kuni za msiba zilikuwa zinafika kimo cha mtu. Siku ile walikuja na vijiti, mabua, mmoja alikuja na mguu wa kiti. Nilipoona rundo lile nikajua kabla sijaambiwa. Nikamwendea mkubwa wa wapishi.

"Dada, mmetia vidonge?"

"Kidogo tu, usijali."

"Kidogo kiasi gani?"

"Aa, wewe nawe na maharage yako mabichi! Watu wote hawa watakula nini, mawe?"

Kuna desturi moja lazima niieleze. Nchi yetu inaogopa sumu. Anayekukaribisha pombe anakunywa kwanza, ndipo akupe. Msibani ndiyo zaidi, kwa sababu kila kifo kina mtu anayeshukiwa. Basi chakula cha msiba kikiiva, mwanamke mkubwa kuliko wote jikoni anapakuliwa wa kwanza, anakula sahani nzima mbele za watu, taratibu, wote wanamtazama. Akimaliza salama, wengine wanapakuliwa. Akikataa, amesema kwa vitendo kwamba wafiwa wametia sumu. Na msiba wa kwetu si wa siku moja, na kila sufuria anaionja yeye yule. Mwanamke mkubwa kuliko wote jikoni, siku ile, alikuwa mama mkwe wangu.

Nikachuchumaa kando yake. "Mama, usile."

"Una wazimu? Nisile, halafu familia hii waitwe wachawi juu ya kaburi la baba yao?"

"Sema unaumwa."

"Anayeumwa ndiye haswa wanayemtazama. Nimeonja misiba yote ya kijiji hiki. Niache."

Nikarudi kwa mkubwa wa wapishi, nikamwomba amteue mwingine. Akaniambia desturi haiteuliwi. Nikamwendea katekista, akasema tusimchokoze marehemu. Nikatazama nyuma, nikaona mama mkwe ameshapewa sahani, ameishika mikono miwili. Jua lilikuwa linampiga usoni, na nikaona ile njano iliyobaki kwenye pembe za macho. Upawa ukaingia kwenye sufuria.

Pengine sahani moja isingemuua. Nimeambiwa hivyo mara nyingi na watu wasiojua chochote. Mimi nilikuwa sijui, mwuguzi alikuwa hajui, na wewe unayeniambia hujui. Ndiyo maana nilishika ukingo wa sufuria kwa ncha za kanga yangu nikavuta kwa nguvu zangu zote.

Yalimwagika yote. Mchuzi ukapita juu ya mguu wangu wa kushoto, moto ukazima fuuu, majivu yakaruka. Nilipiga yowe, lakini yowe langu lilimezwa na la wafiwa. Mtu akapaza sauti kwamba nimemlaani marehemu. Mwanakwaya mwenzangu akasema amejua siku zote kwamba nina roho mbaya.

Nikasimama kwa mguu mmoja. "Huyu mama ini lake limeoza kwa vidonge hivi!" nikapiga kelele. "Hospitali wamesema asiviguse hata kwenye chakula! Mnatafuta sumu kwa wachawi, kumbe mnaitia wenyewe kwa viganja vyenu, halafu mnamketisha mgonjwa aionje! Leo hatakula. Hatakula! Nipigeni mkitaka."

Mzee wa ukoo akainuka na fimbo yake. Hakunipiga. Alisema kwa utulivu, na utulivu ule uliniogopesha zaidi: aliyevuruga msiba anajulikana faini yake. Mtungi wa rubisi, na utoke kwenye mtumbwi wa nyumba yake mwenyewe. Watu wakaitikia. Faini hiyo ilimaanisha mtumbwi ulowe tena, mama mkwe arudi ndani na magoti yale, aonje, kwa sababu bila yeye kuonja hakuna atakayekunywa. Nilikuwa nimemtoa mdomoni mwa chui nikamtia mdomoni mwa fisi.

Mama mkwe aliweka sahani yake tupu chini, akainuka kwa shida, akaondoka zake polepole kuelekea nyumbani. Hakunitazama. Wanawake wakanong'ona kwamba amekwenda kunitupia vitu vyangu nje. Nami niliamini hivyo hivyo. Nikakaa kwenye majivu nikalia, nasema wazi, si kwa kujuta. Nililia kwa sababu nilimpenda na nilidhani nimempoteza akiwa hai.

Alirudi na wachimba kaburi. Wamebeba mtumbwi begani.

Wakautua katikati ya ua. Mama mkwe akasimama kando yake akihema, akaweka mkono juu ya mti ule mara moja, kama anavyofanya asubuhi. "Leteni shoka," akasema.

"Mama!" mzee wa ukoo akashtuka. "Mtumbwi wa marehemu mumeo? Na faini?"

"Faini mtaikamulia wapi? Mimi nimekatazwa pombe, basi. Mnataka kunywa, au mnataka kula?" Akanigeukia kwa mara ya kwanza. "Na wewe unakaa kwenye majivu unangoja nini? Una maharage ya mbegu nyumbani, najua ulikoyaficha. Kayalete."

Niliyaleta nikichechemea, maharage yetu mapya niliyoyaweka kwa msimu ujao. Shoka likalia. Mti ule ulikuwa umekunywa pombe miaka mingi kisha ukakauka vizuri, uliposhika moto uliwaka kwa nguvu, na moshi wake ulinuka ndizi mbivu. Watu wakaunusa. Hakuna aliyeleta kidonge. Yaliiva kwa moto, kama maharage ya watu.

Jioni wakampakulia. Alikula sahani yote, punje kwa punje, ukoo mzima unamtazama, na mzee wa fimbo akiwa wa kwanza kumeza mate. Alipomaliza akaifuta kwa kidole, akainyanyua juu waione tupu.

Kisha akaketi kando yangu, akautazama mguu wangu uliovimba malengelenge, akaanza kuufunga kwa kitambaa cha kichwa chake. Nikangoja matusi ya Kihangaza. Alifunga fundo, akalikaza mpaka nikakunja uso.

"Siku nyingine ukitaka kumwaga," akasema, "niambie nishike upande wa pili. Sufuria ile nzito."